Mtoto asiyesikia vizuri: maswali ya wazazi kuhusu lugha yake

Tukisubiri kidogo kabla ya kumtafutia msaada, atapoteza nini?

Anaweza kupoteza mengi. Ushahidi wenye uzito sana unatoka Australia, ambako Teresa Ching na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 400 wenye upungufu wa kusikia, waliozaliwa kati ya 2002 na 2007 katika majimbo ya New South Wales, Victoria na Queensland. Majimbo hayo hayakuanza kwa wakati mmoja kumpima usikivu kila mtoto mchanga. Kwa hiyo kuna waliogundulika wakiwa na wiki chache, na wengine tayari wakitembea. Baada ya hapo wote walihudumiwa na mfumo uleule wa taifa, hivyo tofauti kuu ilikuwa wakati wa kuanza kusaidiwa, ndiyo maana matokeo ya utafiti huo yanaaminika.

Walipofika miaka 5, waliopata vifaa vya kuwasaidia kusikia mapema walikuwa na lugha bora zaidi, na kadiri upungufu ulivyokuwa mkubwa ndivyo kuwahi kulivyowafaa zaidi. Mtoto aliyepandikizwa kifaa cha usikivu ndani ya sikio kwa upasuaji akiwa na miezi 6 alimwacha mbali aliyesubiri hadi miezi 24.

Lakini wangu anageuka nikipiga makofi!

Makofi ni kishindo. Maneno yana sauti hafifu kama f, s na sh, na asipozipata, "fika" na "shika" kwake ni kitu kimoja. Mpeleke apimwe. Kuna kipimo kinachofanyika akiwa amelala, na hakimuumizi.

Shimesikio, kile kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni, analivua kila mara. Nimwache?

Usimwache, mrudishie kwa upole. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wanaolivaa saa nyingi kwa siku husonga mbele zaidi kilugha. Likimuuma au likipiga mluzi, huenda halimkai vizuri, kwa hiyo rudi kliniki.

Lugha ya alama itamzuia kusema?

Hapana. Hofu hii imewaumiza watoto wengi, nami naomba tuiache. Watoto viziwi wa wazazi viziwi huipata lugha ya alama katika umri uleule ambao wenzao huanza kusema. Kinachodhuru ni kukaa miaka bila lugha yoyote, kwa sababu hapo hata kufikiri, kucheza na wenzake na baadaye kusoma hutetereka. Anaweza kuwa na kifaa na alama pia.

Sisi nyumbani tufanye nini?

Mwaka 2000, Mary Pat Moeller alichapisha utafiti wa watoto 112 wa Nebraska, Marekani. Waliofika miaka 5 na msamiati mpana ni walioanza kusaidiwa mapema, hasa wale ambao familia zao zilijihusisha kwa dhati. Kwa hiyo zima redio unapoongea naye, chuchumaa akuone uso, umtajie unachofanya: "Namenya ndizi, shika hii." Baba, bibi na kaka zake nao wafanye hivyo. Mkichagua alama, jifunzeni nyumba nzima, asibaki na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye.