Spinloki au muteksi? Anza na kujua kama hapo unaruhusiwa kulala

Vijana wanaoanza kuandika draiva za Linux (programu zinazoendesha vifaa) hapa Dar wanauliza sana hivi nitumie spinloki au muteksi (zote ni loki, yaani kufuli la kuzuia wawili wasiguse data moja kwa wakati mmoja), na mi huwa nawarudisha nyuma kidogo, kwanza hicho kipande chako kinakimbia wapi na je pale kinaruhusiwa kulala? Kulala kwenye kerneli (kiini cha Linux) maana yake thredi, yaani mtiririko mmoja wa kazi, inaachia prosesa, skedula (mgawa zamu) inampa mwingine, na aliyelala hasogei mpaka aamshwe.

Chukulia nyumba ya wapangaji Manzese, bafu moja la uani. Ukikuta lina mtu unaweza kusimama palepale mlangoni na ndoo yako mpaka atoke, hiyo ndo spinloki, prosesa inazunguka tu inauliza katoka? katoka? na kazi nyingine haifanyi. Au unarudi chumbani unalala, akitoka anakugongea, hiyo muteksi. Kama ananawa uso tu bora usimame, maana kulala na kuamka nako kunakula muda, ila kama kaingia kuoga na kufua kabisa nenda kalale. Balaa kubwa ni mwenye spinloki kusinzia nayo humo ndani huku wengine wote wamejipanga mlangoni.

Ndo maana kwenye hendla ya intarapti (kipande kinachokimbia pale kifaa kinapokatiza prosesa) muteksi hapana, ni spinloki, pale hakuna thredi ya kulaza. Na kama data hiyohiyo inaguswa na thredi ya kawaida pia, upande wa thredi shika kwa spin_lock_irqsave, ambayo inazima intarapti kwenye prosesa hiyo, la sivyo intarapti itaingia kwenye prosesa ileile yenye loki na itazunguka milele ikimsubiri mtu ambaye yenyewe ndo imemzuia. Halafu kuna vitu vinaweza kulala bila kukuaga, usiviite ukiwa umeshika spinloki au ndani ya intarapti: kmalloc (ya kuomba memori) yenye GFP_KERNEL ni kimojawapo (humo weka GFP_ATOMIC), copy_from_user (ya kunakili data kutoka programu ya mtumiaji) vilevile. Wakati unatengeneza washa chaguo la kerneli CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, itakupigia kelele mapema ukilala pasiporuhusiwa.

Kusubiri muda ni rahisi zaidi: chini ya maikrosekunde 10 hivi udelay, ambayo inazunguka, kutoka hapo mpaka milisekunde 20 usleep_range, zaidi ya hapo msleep. Ila msleep(1) usiiamini sana, inahesabu kwa tiki (mapigo ya saa ya kerneli), HZ, yaani idadi ya tiki kwa sekunde, ikiwa 100 tiki moja ni milisekunde 10 na unaweza kujikuta umelala karibu 20.

Kusubiri tukio, mfano data ifike kutoka kwenye kifaa, tumia wait_event (kwa anayesubiri) na wake_up (kwa anayeamsha), tafadhali usijiandikie mwenyewe kagua kisha lala. Kati ya kukagua na kulala mwamshaji anaweza kupita, akakuta hakuna aliyelala, akaenda zake, wewe ndo kwanza unalala na hakuna atakayerudi kukuamsha. wait_event inajiandikisha foleni kwanza ndipo inakagua sharti, hivyo hata akipita hapo katikati anaikuta ishajiorodhesha na anaiamsha.