Mkondo Kwanza, Mchanga Baadaye: Kuandaa Tangi la Pleko Tanga

Karibu kila anayeniuliza habari za kufuga pleko huanza na mchanga: uwe wa rangi gani, unene wake kiasi gani, na hapa Tanga unapatikana wapi. Mimi humrudisha kwenye maji. Pleko ni kambare wa Amerika Kusini wa familia ya Loricariidae, wenye mabamba ya mfupa mwilini na mdomo wa kunyonya ulio chini ya kichwa, na kwa wengi wao umbo hilo linawafaa sana kung'ang'ania mwamba mahali ambapo maji hayatulii. Wapo wasiopenda hivyo. Farlowella, kwa mfano, mwembamba mithili ya kijiti, ni samaki wa maji ya polepole na huteseka akiwekwa mbele ya pampu kubwa. Lakini wanaotafutwa zaidi na wafugaji, Hypancistrus zebra akiwa mbele yao, ni wa mto Xingu nchini Brazili, ambako maji yenye joto la nyuzi 28 hadi 30, na wakati mwingine zaidi, hupita kwa nguvu baina ya mawe. Spishi hiyo ilipewa jina la kisayansi mwaka 1991, ingawa madukani bado hutajwa kwa namba yake, L046, katika orodha iliyoanzishwa na jarida la Kijerumani la DATZ mwaka 1988 kwa ajili ya pleko waliokuwa hawajapata majina.

Joto la Tanga linatusaidia upande mmoja na kutudai upande wa pili. Msimu wa kaskazi sioni haja ya hita katika tangi la pleko wa Xingu, kwa kuwa maji ya chumbani hufika nyuzi 29 yenyewe. Hata hivyo, maji yakizidi kupata joto, uwezo wake wa kubeba oksijeni hupungua: katika nyuzi 25 yakishiba hubeba takriban miligramu 8.3 kwa lita, na katika nyuzi 30 takriban 7.5, wakati huohuo samaki na bakteria wa kwenye chujio wakihitaji oksijeni zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkondo ni pumzi. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, na hata mapovu ya pampu ya hewa husaidia zaidi kwa kuyainua maji ya chini na kuutikisa uso kuliko kwa hewa iliyomo ndani yake. Bomba la kutolea maji liwekwe mahali ambapo uso wote unacheza. Ukimwona pleko anapanda juu mara kwa mara kumeza hewa, usidhani anafurahi, kwani baadhi yao wana uwezo wa kupumua kwa tumbo la chakula na huutumia pale maji yanapokosa oksijeni.

Kuhusu kiasi, kwa pleko wa maji ya kasi mimi hulenga maji yote ya tangi yazunguke mara nane hadi kumi kwa saa, na kwa pleko wa kawaida wa jenasi ya Ancistrus mara tano zinatosha. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 lina ujazo wa lita 300. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu haifai kuaminiwa peke yake, kwa sababu hupimwa pampu ikiwa haisukumi maji kupitia sponji wala kuyapandisha juu. Kipimo cha kweli ni ndoo: elekeza bomba la chujio lako kwenye ndoo ya lita 20, bomba likiwa kwenye kimo kilekile litakapofungwa, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 36, unapata lita 2,000 kwa saa. Kinachopungua kiongezwe kwa pampu ndogo ya mkondo, si lazima kwa chujio kubwa zaidi.

Mwelekeo una uzito kuliko nguvu. Napenda maji yasukumwe kutoka ubavu mmoja mfupi kwa urefu wa tangi, yagonge kioo cha pili, kisha yarudi yakiwa yametulia kupitia chini. Kabla ya kuingiza samaki, mwaga vumbi kidogo la chakula utazame linakokusanyika. Hapo ndipo mdomo wa chujio unapotakiwa kuwa. Pleko hunya sana, na wale wanaoguguna magogo, yaani Panaque, huacha unga wa mti kila kona, hivyo kona isiyofikiwa na mkondo hugeuka jaa.

Umeme ukikatika katika maji ya nyuzi 30, tatizo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ya betri ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote. Chujio la nje lililofungwa na kusimama kwa saa nyingi lisiwashwe moja kwa moja umeme unaporudi, kwa sababu bakteria wake huwa wamekosa hewa na maji yaliyomo yameharibika. Yamwagwe kwanza, na sponji zisuuzwe kwa maji ya tangi.

Sasa mchanga, na hapa jiolojia ya Tanga ina neno. Mchanga wa ufukweni, wa Raskazone au kwingineko, umejaa vipande vya matumbawe na makombe, navyo ni kalsiamu kaboneti inayoyeyuka polepole na kupandisha ugumu wa maji na pH, wakati pleko wengi wametoka kwenye maji laini. Mawe ya upande wa Amboni, yenye yale mapango, ni ya chokaa na yana tabia hiyohiyo. Mto Zigi, kwa upande mwingine, unateremka kutoka Usambara Mashariki, ambako miamba si ya chokaa, hivyo mchanga na mawe ya mviringo ya mito ya milimani ndiyo ninayoyapendelea. Usikubali maneno ya muuzaji wa mchanga wa ujenzi: weka kijiko cha mchanga kwenye siki, na ukitoa povu uache. Kokoto usiitumie hata kama haitoi povu, kwa sababu kingo zake kali huchubua tumbo na midomo.

Pitisha mchanga kwenye chekeche la lipu, kisha uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi. Unene wa sentimita mbili hadi tatu unatosha. Katika tangi la sentimita 120 kwa 50, tabaka la sentimita tatu ni lita 18, karibu kilo 28. Tabaka nene hukosa oksijeni chini na mwishowe hutoa harufu ya mayai viza. Mawe makubwa yatangulie kukaa juu ya kioo, au juu ya karatasi nyembamba ya plastiki, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka, kwa kuwa pleko huchimba chini ya mawe na jiwe lililokaa juu ya mchanga huweza kumwangukia.

Ukishawasha pampu, mkondo wenyewe utakuonyesha sakafu inavyotakiwa kuwa. Panapofagiliwa na maji mchanga utahama na kioo kubaki wazi. Usipambane nao kila siku, panga hapo changarawe za mviringo, kama mto unavyofanya, na mchanga laini uuache upande uliotulia. Mdomo wa pampu uwe sentimita nane au kumi juu ya mchanga na uvikwe sponji, la sivyo chembe zitaisaga pangaboi yake.

Mapango ya udongo wa kufinyanga, yasiyopakwa rangi na yenye upana unaozidi kidogo tu ule wa samaki, huyalaza pembeni mwa mkondo mkuu, mdomo ukiwa mshazari, ili maji mapya yapite bila kusukuma uchafu ndani. Kwa magogo, mpera uliokauka vizuri na kulowekwa hadi uzame unafaa. Mikoko iachwe ilipo, kwani inalindwa kisheria.