Mwanga usioelezeka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Jambo likishuhudiwa na wengi, basi lipo, na linadai nadharia mpya ya mwanga.

Ukweli: Jicho gizani ni shahidi dhaifu. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia aliyeheshimika wa Nancy nchini Ufaransa, alitangaza kwamba amegundua miale mipya, akaiita miale ya N kutokana na jina la mji huo. Dalili yake ilikuwa cheche hafifu kuongezeka mng'ao kidogo, tena ikitazamwa kwa macho ndani ya chumba chenye giza. Hata hivyo wanasayansi kadhaa wa Ufaransa walisema nao wameiona. Mwaka 1904 mwanafizikia Mmarekani, Robert Wood, aliizuru maabara hiyo na, taa zilipozimwa, akaiondoa kwa siri prizimu (kipande chenye pembe) ya alumini iliyodaiwa kuitawanya miale hiyo, lakini vipimo viliendelea kusomwa kana kwamba prizimu bado ipo. Blondlot hakuwa tapeli. Aliona alichotarajia kukiona, kosa ambalo lingeweza kumpata yeyote anayepima kitu hafifu huku akilijua jibu analolitaka.

Dhana: Nadharia ya mwanga ikitabiri jambo lisiloingia akilini, ni ya kutupwa.

Ukweli: Mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson alifikiri hivyo. Katika shindano la Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ambalo mwanafizikia Augustin Fresnel alitunukiwa tuzo yake mwaka 1819, Poisson alionyesha kwamba, iwapo kweli mwanga ni mawimbi kama Fresnel alivyodai, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo ingepaswa kuwapo nukta angavu, na kwake upuuzi huo ulitosha kuizika hoja nzima. Mwanasayansi mwenzao François Arago akafanya jaribio, na nukta ikaonekana pale pale. Hadi leo, kwa kejeli kidogo, wengine huiita nukta ya Poisson.

Dhana: Mwanga wa galaksi za mbali ni mwekundu zaidi kwa kuwa umechoka njiani.

Ukweli: Mwanaastronomia Fritz Zwicky alilipendekeza wazo hilo mwaka 1929, na halikuwa la kipuuzi, maana linapimika. Uchovu ungeupunguzia mwanga nishati, na hivyo kuufanya mwekundu zaidi, bila kurefusha muda wa matukio. Ilhali nyota zinazolipuka mbali sana huonekana zikififia polepole kuliko za karibu, kwa kiwango kile kile kinachotarajiwa iwapo mwanga umekuwa mwekundu kwa sababu ulimwengu unatanuka.