Firigogo si kwale, na maji hayabebi mdomoni

Sisi tuliokulia Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, uzito wa maji tunaujua. Mama zetu waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani, nasi tukakimbilia kuwatua. Ndiyo maana mtu akimsema visivyo firigogo, ndege wa nchi kavu anayewabebea watoto wake maji, siwezi kunyamaza.

Eti ni kwale. Kwa kumtazama, mtu atakosea: miguu mifupi, rangi ya mchanga, kiota ni kishimo tu ardhini. Lakini ukoo wake uko karibu na njiwa. Wala usimtafute kwenye mikorosho yetu. Hapa Tanzania yuko kaskazini kukavu, kama Serengeti. Wengine wako kwenye majangwa ya Kalahari na Namib, kusini mwa Afrika.

Eti ndege wa jangwani hana haja ya maji. Anakula mbegu kavu, asipokunywa atakufa! Makundi huruka kilomita nyingi kufuata dimbwi.

Lililoshika mizizi zaidi ni kwamba mama huwapelekea watoto maji mdomoni. Vifaranga hutembea na kujiokotea mbegu mapema sana, ila kuruka bado. Anayewaletea maji ni baba, na huyabeba kwenye manyoya ya tumbo. Mwaka 1896 Mwingereza Meade-Waldo aliandika kwamba ameliona hilo kwa firigogo aliowafuga. Wataalamu wengi hawakumwamini, mpaka 1967 watafiti Cade na Maclean walipolithibitisha kwa firigogo wa Kalahari.

Mtazame dimbwini. Anaingia hadi tumbo, anajitikisa juu chini kama mtu anayesuuza nguo. Nyuzi za manyoya yake, zilizojisokota zikiwa kavu, zikilowa hufunguka na kuyashika maji katikati. Anaweza kuondoka na mililita 25 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai, na mengine hukaushwa na upepo njiani. Akifika anasimama wima, vifaranga wanajipenyeza chini ya tumbo na kuyakamua manyoya kwa midomo yao.

Nilimsimulia bibi haya jioni moja tukibangua korosho. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini.

"Sasa akifika, nani anamtua?"

"Watoto wenyewe, bibi."