Usitazame nyama, tazama ukingo: kidonda cha mguu wa punda

Wiki ya tatu tangu punda wake akatwe na bati lililochomoza ukutani, mwenyewe alinijia na uso wa furaha. "Daktari, nyama imejaa! Kesho namtandika shogi, arudi kubeba mizigo." Nikaandamana naye hadi uani. Kidonda kilikuwa kwenye muundi wa mguu wa mbele, chini ya goti, na kweli nyama ilikuwa imejaa: nyekundu, yenye chembechembe, imeumuka kama andazi hadi ikapita usawa wa ngozi.

"Ami," nikamwambia, "hii nyama ndiyo inayomzuia asipone."

Hakunielewa, na simlaumu. Kwa binadamu, na hata kwa ng'ombe, kidonda kinachojaa nyama ni kidonda kinachokwenda vizuri. Farasi na punda si hivyo, hasa miguuni, na jambo hili nalieleza karibu kila wiki hapa Lamu, mji ambao saruji, mchanga na boriti bado hupita vichochoroni kwa mgongo wa punda.

Kuanzia goti kwenda chini, mguu wa mnyama huyu hauna msuli. Kuna ngozi, kano na mfupa, basi. Damu inayofika huko ni kidogo, ngozi imebana, na kila hatua inatikisa kidonda. Akiumia kifuani au pajani, kingo za kidonda huvutana zenyewe kama mdomo wa mfuko wa kamba. Mguuni kingo huachana kwanza. Wiki ya pili kidonda huwa kipana kuliko siku ya ajali, na hapo ndipo wengi huamini dawa imeharibu, wakabadilisha matibabu yaliyokuwa sawa. Baadaye ngozi mpya huanza kutambaa kutoka ukingoni, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa siku. Piga hesabu: kidonda cha upana wa sentimita 4, ngozi ikitoka pande zote mbili, ni siku 200 kama kingetegemea kutambaa peke yake. Kwa bahati baadaye kidonda nacho hujikunja, kwa hiyo siku hupungua. Ila ngozi hiyo changa hutambaa juu ya tambarare. Ikikuta kilima cha nyama, husimama chini yake.

Nirudi siku ya kwanza, kwani mengi huamuliwa hapo. Nilimkuta amekwishapakwa oili chafu ya injini. Oili, majivu, maji ya betri: vyote huua nyama iliyo hai pamoja na vijidudu, na nyama iliyokufa ndiyo chakula cha usaha. Nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi gramu 9 kwa kila lita, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, nikimimina mengi na kwa nguvu hadi mchanga wote ukatoka. Watu huniuliza kwa nini nisitumie bahari iliyo hapo mbele. Kwa sababu maji ya ufukweni mwa mji hubeba taka za mitaro.

Kabla ya kufunga nilitafuta kitu kimoja: majimaji ya manjano, yenye kuteleza na kuvutika kama ute wa yai. Hayo ni mafuta ya kiungo au ya ala ya kano. Ukiyaona yakitoka kidondani, acha kila kitu umpeleke mnyama hospitali saa ile ile, hata kama tundu ni dogo kama ncha ya kidole. Kiungo kikishaoza ndani, mara nyingi hakuna wa kumwokoa. Huyu hakuwa nayo, alhamdulillahi.

Kisha sindano ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa nao kwa urahisi zaidi. Jina lenyewe linasema. Mnyama hukakamaa miguu kama meza, mkia husimama, ule utando wa pembeni mwa jicho hutokeza, taya hujifunga. Nimewahi kumwangalia mmoja akifa hivyo kwa kidonda cha msumari ukwatoni. Hapa kwetu hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary ipo tangu 1987, kwa hiyo hakuna sababu ya punda wa Lamu kukosa sindano hii.

Ngozi iliyoning'inia niliishona. Siku ya tano nyuzi zikaachia, jambo la kawaida mguuni, lakini kile kipande kilikuwa kimekwisha kuikinga nyama ya chini kwa siku hizo na kazi yake haikupotea. Bendeji nilikuwa nabadilisha kila siku mbili: kitambaa kisichogandana na kidonda, pamba nene kuzunguka mguu mzima, halafu bendeji kuanzia juu ya kwato kupanda, mkazo ule ule mwanzo hadi mwisho. Pamba ikiwa chache na bendeji ikabana, kano hujeruhiwa, na unakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Sasa jambo la punda peke yake, ambalo waliozoea farasi hulikosea. Punda huficha maumivu. Farasi angechechemea na kutoka jasho. Punda husimama kimya tu, masikio yakiwa yameinama kidogo. Akiacha kula kwa siku moja au mbili, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kupita kiasi, hadi ini linashindwa. Walio katika hatari zaidi ni majike, wenye mimba na walionenepa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa bendeji, nilitazama alichobakisha usiku. Dawa ya maumivu nilimpa kwa nyakati za punda, maana baadhi ya dawa hizo huisha mwilini mwake upesi kuliko mwa farasi. Na mwenzake, punda anayebeba naye kila siku, nilisisitiza afungwe ubavuni pake. Mwenyewe aliona ni hasara kumkosesha kazi punda mzima. Lakini siku walipotenganishwa, mgonjwa hakugusa hata pumba.

Basi ile nyama. Haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo kuikata hakumuumizi. Yule punda aliendelea kutafuna majani. Inachofanya ni kutoka damu, nyingi, na ndiyo maana naanza kukata kutoka chini kwenda juu, damu isije ikafunika ninapoelekea. Nilikwenda kwa wembe bapa hadi usawa wa ngozi. Pembezoni palikuwa na utepe mwembamba, rangi ya waridi iliyofifia, unaong'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Hiyo ndiyo ngozi mpya. Nilimshika ami mkono nikamwonyesha kwa kidole chake: hapa usiguse, hapa usisugue, hapa ndipo utakapopima. Tulifunga bendeji ya kukaza damu, tukaifungua kesho yake. Nyama ilijaribu kuota tena mara moja, nikaipaka mafuta ya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kidogo, ikatulia.

Wiki ya kumi na tano kilibaki kigaga cha ukubwa wa punje ya mahindi. Shogi haikurudi siku ile. Alianza kwa kutembezwa bila mzigo kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, kisha nusu ya mzigo, na jioni mwenyewe akipapasa kwato zote nne kwa kiganja kuona kama kuna lenye joto, hasa la mguu wa pili uliobeba uzito miezi yote ile. Kovu halina manyoya. Ami ameshona kitambaa laini anachokifunga hapo kila asubuhi kabla ya kutoka.