Je, saa nyingi kazini ni kazi nyingi?

Wakubwa wengi wa kazi, kuanzia maduka ya Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla jijini Kampala, hadi maofisi ya jiji hilo, huamini kuwa mfanyakazi anayetoka wa mwisho ndiye anayezalisha zaidi. Imani hiyo ina msingi wake: fundi akishona saa mbili, humzidi aliyeshona saa moja.

Ila uwiano huo haudumu. Kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambazo wachumi walizichambua upya miaka mingi baadaye, zinaonyesha kuwa uzalishaji ulipanda sambamba na saa mpaka karibu saa 50 kwa wiki, kisha kasi ikapungua. Waliofanya kazi saa 70 hawakuwazidi sana wa saa 56. Saa 14 za ziada, karibu bure! Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 nayo inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki. (Mlinzi wa geti ni habari nyingine, kwake kuwepo ndiyo kazi yenyewe.)

Unaweza kupima mwenyewe. Kwenye karakana ya sare za shule, weka daftari kando ya cherehani, uandike kila saa mashati yaliyokamilika, na pembeni yale yaliyorudi kufumuliwa: kola iliyopinda, kifungo kisichokutana na tundu lake. Mashati ya usiku yaliyofumuliwa asubuhi yatoe kwenye hesabu ya usiku. Endelea wiki kadhaa, maana siku moja umeme ukikatika itakupotosha.