Je, Malkia Victoria ndiye aliyewafilisi Herbert wa Muckross?

Ukifika Killarney, kusini-magharibi mwa Ireland, utasimuliwa kwamba ukoo wa Herbert ulipoteza jumba la Muckross kwa sababu ya kumkirimu Malkia Victoria kwa siku mbili tu, Agosti 1861. Habari hii inasikitisha, na inakaririwa sana. Lakini haiendani na miaka.

Gharama zilikuwa kubwa kweli. Malkia aliogopa moto, basi akaandaliwa chumba cha chini, na nje ya dirisha zikawekwa ngazi za chuma ili aweze kutoka haraka. Ngazi hizo zingalipo. Mwenyeji wake, Henry Arthur Herbert, alifariki mwaka 1866, jumba likiwa bado mikononi mwa ukoo wake.

Shamba liliuzwa 1899, miaka 38 baada ya ziara! Kilichowamaliza Herbert ni deni. Walikuwa wameweka ardhi rehani, wakitegemea kodi za wapangaji, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 mavuno mabaya na mapambano ya wakulima yakazipunguza kodi hizo. Riba haikusubiri. Hatimaye kampuni ya bima iliyowakopesha ikaitwaa mali.

Mnunuzi alikuwa Lord Ardilaun, wa ukoo wa Guinness wenye kiwanda cha bia. Mwaka 1911 likachukuliwa na William Bowers Bourn, tajiri wa California, akampa binti yake Maud alipoolewa na Arthur Vincent. Maud alifariki 1929. Mwaka 1932 baba na mkwe wakalikabidhi taifa, ekari zaidi ya 10,000, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Ireland.